Sauti za jukwaani kwa programu huria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa klabu za maigizo, vijana wa vikundi vya mitaani na mafundi sauti wa kumbi ndogo. Mengine huulizwa zikiwa zimebaki dakika kumi onyesho lianze. Humu ndani neno "ishara" lina maana ya tukio moja la sauti katika igizo: mlango unagongwa, mvua inaanza, mvua inakoma. Meneja wa jukwaa akisema "ishara ya kumi na nne, twende", fundi anabonyeza mara moja tu.

## Mwanzo

1. Nina simu, na ndani yake kuna programu ya muziki. Kwa nini nihangaike na kingine?

Kwa sababu programu ya muziki imeundwa iendelee. Wimbo ukiisha inaleta mwingine, na nyumbani tunaipendea hilo. Jukwaani mambo ni tofauti. Mlango ukishagongwa, tunataka programu inyamaze na isubiri, iwe sekunde tatu au dakika kumi na moja, mpaka mwigizaji afike kwenye maneno yake. Karibu marekebisho yote yaliyoelezwa hapa chini, hata yale ya kuandika msimbo (maagizo yanayoiunda programu), yanatafuta jambo hilo moja: kuifundisha programu kusubiri.

Kuna na mengine ambayo simu inayashindwa. Mvua inanyesha na radi inapiga juu yake, hizo ni sauti mbili kwa wakati mmoja. Ngoma inafifia kwa sekunde nane wakati babu anaanza kusimulia. Fundi aliye gizani anahitaji kuona kwa herufi kubwa ni ishara ipi inafuata. Igizo lenye ishara tatu, simu inalitosha kabisa. Zikizidi kumi utaanza kukosea, na kosa la sauti hadhira nzima hulisikia.

2. Programu huria ni programu ya bure?

Nyingi hazilipiwi, lakini huria ni zaidi ya hapo. Leseni inakupa ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuona msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia mwenzako. Kwa kikundi cha maigizo hii ina faida ya wazi: programu ile ile unaiweka kwenye laptopu ya shule, ya kanisa na ya rafiki aliyekuazima, na hakuna muda wa majaribio utakaokwisha usiku wa onyesho.

3. Nianze na ipi?

Inategemea kompyuta uliyonayo na uzito wa igizo. Nne zifuatazo zinatosha kwa kazi nyingi.

Linux Show Player ndiyo pekee kati ya hizi iliyoundwa kwa ajili ya jukwaa tangu mwanzo. Inapanga ishara kwa orodha, inasubiri kitufe, inafifisha na inapiga sauti nyingi kwa pamoja. Sharti lake ni kwamba inakaa kwenye Linux tu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta (tazama swali la 13).

Mixxx ni programu ya madijei na inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Ina visanduku vidogo vya sampuli, yaani vipande vya sauti, na kila kimoja kinashika sauti moja na kuwa na kitufe chake. Visanduku hivyo ndivyo vinavyoifanya ifae jukwaani, ila uzime kwanza mambo kadhaa ya kidijei (swali la 11).

VLC karibu kila mtu anayo. Kwa igizo linalopiga sauti moja baada ya nyingine bila kurundikana, VLC iliyorekebishwa inafanya kazi kwa uaminifu (swali la 10).

Audacity haipigi ishara. Ni karakana ya kukatia, kusafishia na kuunganishia sauti kabla ya mazoezi. Nimeona watu wakiendesha onyesho zima ndani ya Audacity, wakitafuta kwa kipanya mahali pa kuanzia. Usifanye hivyo.

Utasikia pia QLab ikitajwa, maana imeenea sana kwenye kumbi za Ulaya na Marekani. Ni programu nzuri, lakini si huria, na inakaa kwenye Mac tu.

Maoni yangu: kama una wiki mbili za mazoezi na mtu mmoja asiyeogopa Linux, jifunzeni Linux Show Player. Kama onyesho ni kesho, tumia VLC.

4. Laptopu yangu ni ya zamani. Itaweza?

Kupiga faili za sauti ni kazi nyepesi, hata kompyuta yenye miaka kumi inaimudu. Kinachoiangusha ni vitu vingine vinavyofanya kazi humo: masasisho, kivinjari chenye kurasa thelathini, programu ya kukagua virusi inayoanza ukaguzi saa mbili usiku. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida Oktoba 2025, na mashine nyingi za wakati wake hazipandi Windows 11. Mashine hizo zikiwekewa Linux nyepesi zinafaa sana kukaa kwenye meza ya sauti.

## Kutayarisha faili

5. WAV au MP3?

WAV, kama nafasi ipo. WAV huhifadhi sauti nzima, MP3 huigandamiza ili faili iwe ndogo. Faili ya WAV ya stereo, yenye sampuli (hapa ni vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na biti 16, inakula karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Saa nzima ya sauti haifiki megabaiti 650, na flashi ya kawaida inaibeba.

Sababu hasa ni muda. Katika kugandamiza, MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili. Kwenye wimbo huutambui. Kwenye kofi linalotakiwa kulia pale pale mkono unapofika shavuni, na kwenye sauti inayojirudia, utausikia. Kama chanzo chako ni MP3, ifungue ndani ya Audacity, kata ukimya wa mwanzoni, kisha uitoe kama WAV. Ubora uliopotea haurudi, ila sauti sasa itaanza unapobonyeza.

6. Nizipe faili majina gani?

Namba tatu mbele, kisha neno linaloeleweka: 010-jogoo, 020-mlango, 030-mvua-inaanza. Ruka kwa kumi kumi, kwa sababu mwongozaji ataongeza ishara katikati, na 025 itakuwa na mahali pa kukaa. Namba hizo hizo ziandikwe kwa penseli kwenye mswada wa meneja wa jukwaa. Weka kila kitu ndani ya folda moja, kwani ukianza kuchota faili kutoka mahali pa kupakulia na kwenye flashi ya mtu, utafika ukumbini programu inakuambia haizioni.

7. Sauti moja inapasua masikio, nyingine haisikiki. Nazisawazisha vipi?

Kwa hatua mbili. Ya kwanza nyumbani: tumia kisawazishi cha ukubwa wa sauti cha Audacity ili faili zote ziwe katika kiwango kinachokaribiana. Usisawazishe kwa kilele (pale sauti inapofika juu zaidi) peke yake. Mlio wa risasi na wimbo wa taarabu vinaweza kuwa na kilele kimoja huku sikio likisikia tofauti kubwa.

Ya pili ni ukumbini, waigizaji wakiwa jukwaani wanaongea kwa sauti yao ya kweli. Hapo weka kipimo cha kila ishara ndani ya programu, na faili yenyewe uiache ilivyo. Kumbuka pia kwamba ukumbi mtupu unavuma, na watu wakijaa miili na nguo zao zinameza sauti. Bakiza nafasi ya kupandisha kwenye miksa, kifaa cha kuchanganya na kupima sauti kabla ya spika.

8. Mvua inatakiwa inyeshe dakika nane, na rekodi yangu ni ya sekunde arobaini.

Irudie, lakini tengeneza kiungo kisichosikika. Njia nisiyoiacha ni hii. Fungua rekodi ndani ya Audacity, ikate katikati kabisa, kisha badilisha nafasi za vipande: cha pili kije mbele, cha kwanza kiende nyuma. Mahali vinapokutana sasa, vipishanishe kwa sekunde mbili au tatu, cha mbele kikififia huku cha nyuma kikiingia. Toa faili. Mwisho wa faili hiyo na mwanzo wake ni pale ulipokata, mahali ambapo sauti ilikuwa imeungana tangu asili, kwa hiyo ikijirudia hakuna mruko.

Kabla ya hapo sikiliza kama kuna alama inayojitokeza: ndege mmoja, pikipiki moja, tone moja zito. Iondoe. Hadhira haitambui mvua inayojirudia, lakini inamtambua ndege anayelia mara moja kila sekunde arobaini.

9. Sauti zenyewe nazipata wapi?

Freesound ni hazina kubwa. Ilianzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na kila rekodi ina leseni yake ya Creative Commons, inayoeleza mwenye kazi ameruhusu nini. Iliyoandikwa CC0 itumie upendavyo. Nyingine zinataka umtaje aliyerekodi, nawe mtaje kwenye karatasi ya ratiba ya onyesho. Nyingine zinakataza matumizi ya kibiashara, na kama mnauza tiketi, hizo ziacheni.

Hata hivyo nakuomba urekodi mwenyewe kadiri unavyoweza. Mvua ya kwenye maktaba za mtandaoni mara nyingi imenyesha juu ya majani ya Ulaya, wakati igizo lako liko ndani ya nyumba ya mabati. Watu waliokulia chini ya mabati wanaijua mvua yao kabla haijafika sekunde ya pili. Ndivyo ilivyo kwa mchi na kinu, kwa kondakta anayegonga ubavu wa daladala kumwambia dereva aondoke, kwa honi ya feri ya Kigamboni, kwa sauti ya kuku wanaofukuzwa uani. Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, ikae mita moja au mbili kutoka kwenye chanzo, na urekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Rekodi dakika tatu hata kama unahitaji sekunde kumi. Na ubakize dakika moja ya ukimya wa mahali hapo, itakusaidia kuunganisha vipande.

## Kugeuza programu ziwe za jukwaa

10. Naifanyaje VLC isimame baada ya kila faili?

Fungua mapendeleo, chagua kuonyesha yote, nenda kwenye sehemu ya orodha ya kupiga, washa chaguo la kupiga na kusimama. Anayependa kuandika amri anaianzisha hivi:

`vlc --play-and-stop folda-ya-onyesho`

Sasa faili ikiisha VLC inakaa kimya, na herufi N inapiga inayofuata. Hakikisha kurudia na kuchanganya orodha vimezimwa. Zima pia lile swali la kuendelea ulipoishia, la sivyo faili ndefu uliyoijaribu mchana inaweza kuanzia katikati usiku. Kipimo cha sauti kiache asilimia 100. Juu ya hapo VLC inaweza kuikwaruza sauti.

Kufifia kwa muda uliopanga VLC haina. Fifisha kwa mkono kwenye miksa. Mkono wa fundi anayemtazama mwigizaji ni kifaa kizuri sana, na kwa ishara chache mimi naupendelea kuliko muda uliopangwa.

11. Nizime nini kwenye Mixxx?

La kwanza ni ReplayGain, usawazishaji wa sauti unaofanywa na Mixxx yenyewe. Ikibaki, sauti ya hatua za mbali uliyoitengeneza iwe ndogo itapandishwa hadi kiwango cha wimbo. La pili ni Auto DJ, inayopiga nyimbo yenyewe mfululizo, pamoja na kulinganisha mapigo na kufuata gridi ya mapigo, kwa sababu mlio wa bomu hauna mapigo. La tatu ni mahali faili inapoanzia: weka mwanzo kabisa wa faili, usiiachie programu itafute sauti ya kwanza, maana wakati mwingine ukimya wa mwanzo umeuweka kwa makusudi. Halafu washa ulinzi wa sahani (kichezeshi kikubwa cha Mixxx) inayocheza, ili usipakie faili juu ya sauti iliyo hewani kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo jaza visanduku vya sampuli kwa mpangilio wa onyesho na uhifadhi seti hiyo ya visanduku, iitwayo benki, kama faili. Mimi huweka benki moja kwa kila tendo la igizo. Sauti ndefu za mazingira, kama mvua au soko, ziende kwenye sahani kubwa zenye kitufe cha kurudia, na visanduku vibaki kwa sauti fupi.

12. Kwenye Linux Show Player ishara zinapangwaje?

Ukianzisha onyesho jipya utachagua sura mbili: orodha au ubao wa vitufe. Orodha inafaa tamthilia inayofuata mswada. Ubao unafaa vichekesho na maigizo ya papo kwa papo, ambako hakuna anayejua kitakachofuata.

Kwenye orodha, mwambaa wa nafasi wa kibodi ndiyo amri ya kwenda. Kila ishara ina kusubiri kabla, kusubiri baada, kuingia polepole na kutoka polepole. Tuseme radi inapiga, sekunde moja na nusu baadaye mvua inaanza, na mvua inachukua sekunde sita kufikia kimo chake. Hizo ni ishara mbili: radi unaipa kusubiri baada kwa sekunde 1.5 na kuiagiza iite inayofuata, mvua unaipa kuingia polepole kwa sekunde 6. Fundi anabonyeza mara moja.

Wanaoanza husahau ishara za kuondoa. Mvua iliyoanzishwa kwa ishara ya 30 inahitaji ishara yake ya kukoma, yenye namba yake kwenye mswada. Ishusheni kwanza hadi chini ya maongezi, kisha baadaye iondolewe kabisa. Mara nyingi mvua ya mwanzo inabaki hivyo hivyo hadi mwisho wa onyesho kwa sababu hakuna aliyeandika itoke lini.

13. Lazima nifute Windows ili nitumie Linux?

Hapana. Usambazaji kama Ubuntu unaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, na ni njia nzuri ya kujaribu kama kadi ya sauti inatambuliwa. Kwa onyesho lenyewe ni afadhali kuisakinisha pembeni ya Windows, au kuipa laptopu moja ya zamani kazi hiyo tu. Hali ya majaribio ya flashi kwa kawaida husahau kila kitu kompyuta ikizimwa. Kabla ya kugusa diski, nakili data za mwenye laptopu mahali pengine.

14. Redio iko mezani jukwaani, nataka sauti itokee pale pale. Sina kadi ya sauti yenye matokeo mengi.

Unayo matokeo mawili tayari: kushoto na kulia. Tundu la hedifoni la laptopu ni stereo, na kumbi nyingi ndogo hata hivyo zinapiga sauti ile ile pande zote. Basi mpe kila upande kazi yake. Kushoto kwende kwenye spika kubwa za hadhira, kulia kwende kwenye spika ndogo iliyofichwa nyuma ya redio. Ndani ya Audacity, geuza kila faili iwe ya mono, isukume yote upande mmoja, kisha itoe kama faili ya stereo. Taarifa ya habari inatoka kulia tu, mvua inatoka kushoto tu.

Sauti ikitokea mahali mwigizaji anapotazama, naye huigiza vizuri zaidi. Ukishapata kadi ya USB yenye matokeo manne, mpango ni ule ule, una njia nyingi zaidi tu. Kwenye Linux za karibuni PipeWire ndiyo inayoelekeza njia hizo, na qpwgraph inakuonyesha nyaya zake kama mchoro.

15. Naogopa kubonyeza kitufe kisicho chenyewe gizani.

Nunua kibodi ndogo ya namba ya USB. Bandika vipande vya gundi vyenye mwinuko kwenye vitufe viwili, cha kwenda na cha kusimamisha vyote, na vingine usivitumie. Linux Show Player na Mixxx zote zinakubali ubadilishe vitufe, na zote zinapokea MIDI (ujumbe wa ala na vitufe vya kielektroniki), kwa hiyo hata piano ndogo ya mtoto yenye USB inaweza kuwa ubao wa ishara. Mixxx inatumia faili za XML na JavaScript kueleza kitufe kipi kifanye nini. Anayeandika msimbo kidogo atazielewa kwa jioni moja.

16. Naweza kubadilisha msimbo wenyewe?

Ndiyo, leseni ya programu huria iitwayo GPL inakuruhusu. Linux Show Player imeandikwa kwa lugha ya Python juu ya GStreamer, mfumo huria wa kupigia sauti na video, na mwanafunzi wa Python anaweza kuusoma. Ukibadilisha kwa matumizi ya kikundi chako, hudaiwi kitu. Ukiwapa wengine programu uliyoibadilisha, unatakiwa uwape na msimbo wake kwa leseni ile ile.

Anza na tafsiri. Vijana wengi wanaokaa kwenye meza ya sauti wanajua Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, na menyu inayosema "fifisha" badala ya neno la kigeni ingewapunguzia makosa. Tafsiri haihitaji kujua msimbo.

## Nyaya na umeme

17. Spika zinavuma "mmm" nikichomeka laptopu.

Chomoa chaja. Uvumi ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kati ya chaja na miksa, na unachosikia ni umeme wa hezi 50 na ndugu zake. Unaweza kupiga onyesho kwa betri kama ni zima. Suluhisho la kudumu ni kisanduku cha DI chenye transfoma, ukikitia kati ya laptopu na miksa na kubonyeza swichi yake ya kukata ethi ya sauti.

Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya umeme. Uvumi utaondoka, na ulinzi wa mtu anayeshika maikrofoni utaondoka nao.

18. Muziki unasikika, lakini sauti ya mwimbaji imepotea!

Waya. Umechukua waya wa stereo kutoka tundu la hedifoni ukauchomeka kwenye tundu moja la mono la miksa. Tundu hilo linatoa tofauti kati ya kushoto na kulia, na chochote kilicho sawa pande zote, kama mwimbaji aliyewekwa katikati, kinafutika. Tumia waya unaogawanyika: jeki ndogo upande mmoja, jeki mbili kubwa za mono upande mwingine, kila moja na tundu lake.

19. Nabonyeza, sauti inachelewa.

Kwanza angalia ukimya wa mwanzo wa faili (swali la 5). Pili, kama spika ni ya Bluetooth, iache, kwani ucheleweshaji wake unaweza kufika milisekunde 200 na hakuna programu itakayouondoa. Tatu ni bafa, akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuipiga. Bafa ya sampuli 1,024 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyekaa mita saba kutoka kwenye spika tayari anachelewa kiasi hicho hicho. Usiteremshe bafa hadi sauti ianze kukatika. Kwa kupiga faili, 512 au 1,024 inatosha.

20. Umeme ukikatika?

Laptopu itaendelea kwa betri, spika zitazima. Teremsha miksa yote chini mara moja, simamisha ishara, na umwambie meneja wa jukwaa uko namba ngapi. Jenereta ikiwaka, washa kwa utaratibu: laptopu, miksa, mwisho spika. Kuzima ni kinyume chake. Waya ukichomekwa wakati spika zinawaka, mshindo wake unaweza kuharibu spika na kumtisha mtoto aliyekaa mbele.

## Usiku wa onyesho

21. Nikague nini kabla ya milango kufunguliwa?

Piga kila ishara kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama jana ilikuwa sawa. Zima intaneti, Bluetooth, arifa, sauti za mfumo, kiokoa skrini na kulala kwa kompyuta. Kwenye Windows, zima pia ule mpango wa kupunguza sauti kila kompyuta inapodhani kuna simu.

Kuhusu arifa nisisitize. Katika onyesho moja la shule tulitumia laptopu ya kuazima, na mlio wa ujumbe ukatoka kwenye spika kubwa wakati mama anamuaga mwanawe kaburini. Ukumbi ukacheka. Yule binti aliyeigiza mama alikuwa amefanya mazoezi miezi miwili, na baada ya onyesho alilia nyuma ya pazia. Ingechukua sekunde tano kuzima arifa. Tangu siku hiyo laptopu yangu ya onyesho ina akaunti yake ya mtumiaji isiyo na programu nyingine yoyote.

22. Mwigizaji ameruka ukurasa mzima. Nifanye nini?

Acha kubonyeza. Msikilize, tafuta maneno yake kwenye mswada, sogeza alama ya orodha hadi ishara inayokuja mbele yake, kisha subiri. Ishara zilizopita zimepita. Ndiyo sababu namba za faili na za mswada lazima zilingane (swali la 6). Kama igizo lina mvua iliyotakiwa kuanza kwenye ukurasa ulioruka, iingize taratibu kwa mkono. Mvua huanza wakati wowote.

23. Taa na sauti zinaweza kwenda kwa kitufe kimoja?

Zinaweza. QLC+ ni programu huria ya taa inayopokea MIDI na OSC (ujumbe kama huo unaopita kwenye mtandao), na Linux Show Player inaweza kutuma zote mbili kama ishara. Radi inapiga, ujumbe unaondoka, taa inamweka. Fanya hivyo kwa matukio yanayotaka kwenda pamoja hasa, kama radi au swichi ya ukutani. Mengine waachieni watu wawili, kila mmoja na mkono wake.

24. Naruhusiwa kupiga wimbo wa msanii ninayempenda?

Programu kuwa huria hakuufanyi wimbo uwe huria. Kupiga rekodi mbele ya hadhira kunahitaji idhini, hata mkiwa shule, na kuuingiza wimbo ndani ya igizo kunaweza kuhitaji kuzungumza na mwenye kazi moja kwa moja. Mahali pa kuanza kuuliza ni kwenye taasisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya. Njia nzuri zaidi ni kumpata mpiga ngoma au gitaa wa mtaani kwenu, kumlipa, na kurekodi kwa makubaliano ya maandishi.

25. Kompyuta imeganda katikati ya onyesho.

Simu yenye folda ile ile ya faili iwe tayari imechomekwa kwenye njia nyingine ya miksa, ikiwa kwenye hali ya ndege na chaji imejaa. Teremsha njia ya laptopu, pandisha ya simu, piga ishara inayofuata kwa namba yake. Endelea na simu hadi mapumziko. Usiwashe laptopu upya wakati watu wako jukwaani ukiwa umeacha njia yake wazi.

26. Onyesho limekwisha. Nihifadhi nini?

Folda nzima ya faili, faili ya mpangilio wa programu, toleo la programu ulilotumia pamoja na kisakinishi chake, na picha za kurasa za mswada zenye namba za penseli. Andika pia spika ipi ilikuwa wapi na vipimo vya miksa. Kikundi kikialikwa tena baada ya mwaka, huenda wewe haupo, na kijana mwingine atakayefungua folda hiyo ataanza na 010-jogoo bila kumpigia mtu simu.